Kununua Nyumba ya Kwanza Wakati wa Mlipuko wa Ugonjwa: Punguza Watu, Usipunguze Hatua

Tarehe 16 Machi 2020 Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, msafiri aliyeshukia Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro na kugundulika hapa Arusha. Wengi wetu siku hiyo tulianza kuiangalia nyumba tunayolala kwa jicho jingine. Ua mmoja, kaya sita, bomba moja, choo kimoja. Ndoo ya kunawia iliwekwa getini, lakini foleni ya chooni asubuhi ilibaki ileile. Wapangaji waliozoea kusema "nitajenga tu, Mungu akipenda" wakaanza kutafuta kiwanja au nyumba yao.

Na vya kununua vilikuwepo. Ndege zilisimama, watalii wakakatika, waongoza watalii na madereva wakarudi nyumbani mikono mitupu. Baadhi yao waliuza kiwanja, au nyumba iliyoishia kwenye lenta, ili watoto wale. Mimi ni mthamini wa ardhi, na kipindi kile meza yangu ilijaa mafaili ya watu waliokimbilia bei hizo. Wengi wamekaa kwao leo. Waliolia, karibu wote chanzo kilikuwa kimoja: ugonjwa ulitufundisha kukaa mbalimbali, nao wakakaa mbali hata na kiwanja chenyewe.

Kijana mmoja, fundi umeme, alinunua pagale Olasiti, hapa Arusha, kwa picha za WhatsApp. Picha zilipigwa Januari, ardhi kavu, kuta zimenyooka. Tulifika pamoja Aprili, masika imekolea. Nilichuchumaa ukutani nikamwonyesha mstari wa tope, juu kidogo ya goti langu, umezunguka vyumba vyote vitatu. Kisha nikafyeka majani ya kwenye kona kwa panga hadi nikaipata bikoni, alama ya mpaka yenye namba. Namba yake haikuwa ile iliyo kwenye ramani aliyopewa. Pagale alilolipenda halikuwa juu ya kiwanja alicholipia. Alikaa juu ya tofali, barakoa ikiwa kidevuni, hakusema neno kwa muda mrefu.

Upekuzi rasmi ungemgutusha mapema, na hatua hii haikukutanishi na umati wowote. Ukiwa na namba ya kiwanja na kitalu, unaomba kwa Msajili wa Hati, unalipa kwa kontroli namba (namba ya malipo ya Serikali) kupitia simu, unajibiwa kwa maandishi: mmiliki aliyesajiliwa ni nani, kuna rehani ya benki, kuna zuio. Hati miliki hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, kwa hiyo hesabu miaka iliyobaki. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unaonyesha kwamba mauziano yalishuhudiwa. Haumgeuzi muuzaji kuwa mmiliki.

Ila Moshi kuna mambo ambayo upekuzi hauyaoni. Ukipanda Kibosho au Marangu unakuta vihamba, yaani mashamba ya ukoo: migomba, kahawa, makaburi ya mababu nyuma ya nyumba, na mimea ya masale mpakani. Masale yale si pambo. Ndiyo bikoni ya ukoo. Kihamba kinabeba haki za watu wengi, hata kama anayekuonyesha ndiye anayeishi hapo. Desemba watoto wa ukoo hurudi nyumbani mlimani, na neno zito kama la kuuza husemwa mbele ya wote. Mlipuko unapozuia safari, anabaki mmoja mwenye shida, anakwambia, "Ndugu zangu nimeshaongea nao." Ongea nao wewe mwenyewe, kwa simu, mmoja mmoja, kisha uombe muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi.

Mlipuko pia huacha misiba. Mwenye mali akiwa amefariki, anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si kifungua mimba kwa kauli yake. Na kama muuzaji yumo kwenye ndoa, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinataka ridhaa ya mwenzake kwa nyumba ya familia. Nimeshuhudia mama akipata habari za mauzo kutoka kwa mnunuzi aliyekuja kupima dirisha la pazia. Watoto walikuwa ndani wanakunywa uji. Bei nzuri ya namna hiyo naomba uiache, hata kama karatasi zote zimegongwa mihuri.

Maji nayo yaulize kabla hujauliza rangi ya vigae. Ukanda wa Meru, Maji ya Chai ikiwemo, una visima vyenye madini mengi ya floridi, ndiyo yanayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Kuchemsha hakuyaondoi. Fungua bomba, uliza majirani yanatoka siku ngapi kwa wiki, na kama ni kisima peleka sampuli ipimwe.

Siku ya kusaini msijazane kwa wakili. Waje muuzaji, mwenzi wake, mnunuzi na shahidi wa kila upande. Madirisha wazi, kila mtu na kalamu yake. Ndugu wengine watoe ridhaa kwa maandishi siku chache kabla. Fedha zipitie benki, jina la mpokeaji liwe lilelile la kwenye hati, na sehemu ya mwisho ibaki kwako mpaka umesimama tena pale kiwanjani, mvua ikiwa imenyesha, ukasoma namba ya kila bikoni kwa macho yako.