Fahirisi ya demokrasia: alama za nchi hutoka wapi?

Mwaka 2015 Marekani ilipewa alama 8.05 kati ya 10. Mwaka uliofuata ikapewa 7.98. Imepungua 0.07 tu, lakini ikatolewa kwenye kundi la "demokrasia kamili" na kuwekwa kwenye "demokrasia yenye kasoro", kwa sababu mpaka wa makundi hayo uko kwenye 8. Watoaji wa alama walisema kilichoishusha ni wananchi kukosa imani na serikali yao, jambo lililoanza kabla Donald Trump hajachaguliwa.

Alama za namna hii ndizo fahirisi ya demokrasia. Hiyo ya Marekani ilitolewa na Economist Intelligence Unit, taasisi ya utafiti ya London, ambayo tangu 2006 hupima nchi na maeneo 167. Wana maswali 60 yanayohusu uchaguzi na vyama vingi, utendaji wa serikali, ushiriki wa wananchi, utamaduni wa siasa na uhuru wa raia. Jibu hupata 1, nusu au sifuri. Zaidi ya 6 hadi 8 ni demokrasia yenye kasoro. Zaidi ya 4 hadi 6 huitwa utawala mseto: kura zinapigwa, lakini uwanja haujasawazishwa. Kenya na Tanzania zilikuwa humo katika ripoti ya 2024. Kuanzia 4 kushuka ni utawala wa kimabavu. Mwaka huo Norway ilipata 9.81, Afghanistan 0.25.

Chukua swali la wangapi hujitokeza kupiga kura. Wakizidi 70% nchi hupata 1, kati ya 50% na 70% hupata nusu, chini ya hapo hakuna kitu. Lakini uchaguzi wenyewe usipokuwa huru, ni sifuri hata foleni zikizunguka shule nzima. Na kura ikiwa ni lazima kisheria, kama Australia, pia ni sifuri. Hapo nawaunga mkono. Anayekwenda kituoni akikimbia faini hatuambii mengi kuhusu moyo wake.

Shida yangu ni wanaojibu. Majibu mengine hutoka kwenye kura za maoni, lakini mengi ni ya wataalamu wa taasisi yenyewe, na msomaji hawajui. "Nusu" ya mmoja yaweza kuwa "moja" ya mwenzake.

Taasisi zinazopima demokrasia nazo hutofautiana, ndiyo maana India ina majina matatu. Economist wanaiita demokrasia yenye kasoro. Freedom House, shirika la Marekani linalogawa alama 100 (40 za haki za kisiasa, 60 za uhuru wa raia), liliishusha mwaka 2021 kutoka "huru" hadi "huru kiasi". Mwaka huohuo V-Dem, mradi wa Chuo Kikuu cha Gothenburg nchini Sweden, ukaiita utawala wa kimabavu wenye uchaguzi. Kwao sanduku la kura peke yake halitoshi: wanahesabu pia kama vyombo vya habari na asasi za kiraia vinaachwa vifanye kazi, na huko ndiko India ilikopoteza alama.