Toleo la kwanza au la marudio? Uliza kwanza lilichongwa kutoka wapi

Chukua santuri ya inchi 7 iliyochapwa Nairobi miaka ya 1970, uiweke kando ya LP mpya (santuri kubwa ya inchi 12) yenye wimbo uleule. Ipi ina sauti bora? Kabla ya kujibu nataka kujua jambo moja: fundi aliyechonga ile mpya alikuwa akipiga nini wakati anachonga? Kanda ya studio yenyewe, nakala ya kanda, faili la kompyuta, au santuri nyingine kama hii ya zamani? Hapo ndipo karibu kila kitu kinapoamuliwa. Plastiki ya gramu 180 na jalada la kukunjua ni mapambo tu.

Santuri haitoki moja kwa moja kwenye kanda. Fundi huchonga mfuo, yaani mtaro mwembamba unaobeba sauti, kwenye sahani ya alumini iliyopakwa lakeri. Sahani hiyo hupakwa fedha, ikakuzwa nikeli juu yake, na kutoka kwenye nikeli hiyo hupatikana stampa, yaani bamba linalokandamiza plastiki ya moto. Stampa moja huchapa nakala elfu moja na kitu, kisha huanza kuchoka. Kwa hiyo hata "toleo la kwanza" si kitu kimoja: nakala iliyotoka stampa ikiwa mpya na ile iliyotoka jioni ya stampa hiyohiyo hazilingani, ingawa lebo ni ileile.

Hata hivyo toleo la kwanza lina faida moja isiyorudi: lilichongwa kanda ikiwa mbichi. Kanda ikipigwa mara nyingi na kukaa miaka, sauti za juu ndizo zinazoanza kuondoka. Kanda nyingi za kati ya miaka ya 1970 na 1980 zina tatizo la ziada: gundi yake hunyonya unyevu, na ukizipiga hivihivi zinanata na kuacha unga kwenye hedi, yaani kichwa cha mashine kinachosoma kanda. Lazima kwanza zikaushwe kwenye joto la kama nyuzi 54 za Selsiasi kwa saa 8 au zaidi, tena polepole, ndipo zinakiliwe.

Kwa jazi ya Marekani au roki ya Uingereza, kanda kwa kawaida bado ipo kwenye ghala fulani. Kwetu hali ni nyingine. Kanda ilikuwa ghali, na kurekodi juu ya kazi ya jana lilikuwa jambo la kawaida. Kampuni zilifungwa au kuuzwa, na maboksi yakaishia kusikojulikana. Bendi za Dar es Salaam zilirekodiwa na mafundi mitambo wa Radio Tanzania, lakini santuri zao zilichapwa Nairobi, mara nyingi kutokana na nakala ya kanda, si kanda yenyewe. Ndiyo maana kampuni ya Ulaya inayokusanya rumba, benga au muziki wa dansi wa miaka hiyo mara nyingi hulazimika kutafuta santuri safi kuliko zote, kuipiga, kuisafisha kwa kompyuta, kisha kuichonga upya. Si wizi wala si uzembe. Ndiyo njia pekee iliyobaki. Ila ukinunua ujue unachonunua, maana jalada halisemi kila mara.

Masikio yatakusaidia. Santuri ya inchi 7 ya kasi ya 45 (mizunguko 45 kwa dakika) huzunguka mara moja kila sekunde 1.33, na LP ya 33⅓ kila sekunde 1.8. Mkwaruzo mmoja uliokata mifuo kadhaa hutoa "tak" inayorudi kila mzunguko. Sasa piga LP mpya, isikilize kwa hedifoni mahali muziki ulipotulia. Ukisikia tak hafifu zinazojirudia, shika saa. Zikija 10 ndani ya sekunde 18, kasoro huenda ni ya nakala yako mwenyewe. Zikija 9 ndani ya sekunde 12, huo ni mkwaruzo wa santuri ya inchi 7 iliyotumika kama chanzo, na kuosha LP yako hakutaondoa kitu. Kuyumba kwa sauti kunapimwa vivyo hivyo: gitaa la solo likivuta noti ndefu na noti ikapanda na kushuka kwa mwendo wa sekunde 1.33, tundu la santuri ya chanzo halikuwa katikati.

Dalili ya pili, na hii ndiyo ninayoiamini kuliko zote, iko kwenye nyimbo ndefu. Wimbo wa dakika nane au tisa haukuenea upande mmoja wa inchi 7, hivyo ulikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande wa A, sehemu ya pili upande wa B, na mara nyingi chemko lenyewe, sehemu ya kasi ya kuchezea, liko B. Toleo la marudio huunganisha vipande hivyo. Sikiliza mahali pa kuungia. Mwisho wa upande wa A sindano iko karibu na lebo, ambako mfuo unapita chini yake kwa takriban sentimita 25 kwa sekunde. Mwanzo wa upande wa B uko ukingoni, ambako kasi ni karibu sentimita 40. Kasi ikiwa ndogo, sauti za juu zinabanwa na herufi "s" za mwimbaji zinaanza kukwaruza. Kwa hiyo kama chanzo ni santuri, matoazi na kayamba vinafunguka ghafla kwenye kiungo, kana kwamba mtu ameondoa pazia mbele ya spika, na mtatariko wa nyuma, vile vikelele vya vumbi na uchakavu, unabadilika rangi. Kama chanzo ni kanda, sauti inavuka bila kubadilika, na pengine utasikia hata sekunde chache zilizofifishwa kwenye santuri ya zamani.

Zipo dalili nyingine ndogo. Usafishaji uliozidi huacha kayamba likisikika kama liko ndani ya maji, na mwangwi wa sauti ya mwimbaji unakatika badala ya kuisha. Ukirekodi santuri kwenye kompyuta na kutazama spektrogramu, yaani picha inayoonyesha sauti za chini hadi za juu, ukuta ulionyooka kwenye kilohezi 16 mara nyingi maana yake ni faili la MP3 lililobanwa. Toleo la namna hiyo sinunui hata kwa nusu bei.

Upande wa pili wa mizani: santuri yenyewe ya zamani. Nyingi zilipigwa kwenye baa na kwenye pleya za betri zenye katriji (kidude kinachobeba sindano) za seramiki, sindano ikikandamiza kwa gramu 5 au zaidi, na sindano hiyo haikubadilishwa mpaka ilipokataa kabisa. Uchakavu huo haurudi nyuma. Lakini sindano nzito ya duara ilikula sehemu fulani tu ya ukuta wa mfuo. Ukibadilisha umbo la sindano unaweza kupita mahali ambapo haijaliwa: ile ya duara ya mikroni 18 ikikwaruza, jaribu ya duaradufu inayoshuka chini zaidi, au, kwa santuri ya mono (yenye sauti moja isiyogawanywa kushoto na kulia), ile ya mikroni 25 inayokaa juu zaidi. Tofauti kati ya sindano hizi kwenye santuri moja chakavu inaweza kuzidi tofauti ya matoleo mawili.

Kwa kulinganisha, kwanza osha zote mbili, hata mpya. Mpya huja na vumbi la karatasi la kiwandani. Maji yaliyochemshwa na mvuke wake ukapozwa kuwa maji tena, yale ya betri yasiyo na tindikali, matone machache ya sabuni ya vyombo kwa lita, brashi laini kufuata mfuo, kisha suuza kwa maji matupu na uache ikauke. Lebo isilowe. Spiriti iweke mbali kabisa na santuri za kasi ya 78, maana inayeyusha shelaki, utomvu uliotumika kuzitengeneza.

Weka uzito wa sindano anaoutaka mtengenezaji wa katriji, kwa kawaida gramu 1.8 hadi 2, upime kwa mizani. Watu wengi huhangaika na kimo cha mkono wa sindano juu ya sahani kwa sababu LP ya gramu 180 ni nene. Kwenye mkono wa milimita 230, unene wa ziada wa milimita 1 hubadilisha pembe kwa robo tu ya digrii. Achana nao. Tundu lina madhara makubwa zaidi: likikosea katikati kwa nusu milimita, karibu na lebo sauti inayumba kwa takriban asilimia 0.9 kila upande, na mpiga piano atatoka mbio chumbani.

Sasa sehemu ambayo wengi huiruka. Sikio huita "bora" kile chenye sauti kubwa zaidi, hata kwa desibeli 1. LP yenye dakika 25 kila upande huchongwa kwa sauti ndogo ili mifuo ienee, na inchi 7 ya dakika 4 huchongwa kwa nguvu zote. Ukizipiga bila kugusa kitufe, inchi 7 inashinda kabla mashindano hayajaanza. Rekodi zote mbili kwenye kompyuta kwa biti 24, kilele kisizidi desibeli -6. Chagua sekunde 30 zilezile zenye sauti ya mwimbaji, zisawazishe kwa wastani wa ukubwa wa sauti mpaka tofauti isizidi desibeli 0.2, programu ya Audacity inafanya hivyo bure. Usiondoe tak wala mtatariko. Halafu mtu mwingine akupigie bila kukuambia ipi ni ipi. Kama zote ni za mono, changanya chaneli mbili kuwa moja kabla ya kusikiliza: kelele isiyofanana kushoto na kulia hupungua kwa takriban desibeli 3, na muziki unabaki.

Usidhani pia kwamba la kwanza ndilo sahihi. Kind of Blue, albamu ya mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis, ya 1959, ilitoka na upande wa kwanza wenye sauti ya juu kidogo kuliko ilivyopigwa, kwa sababu mashine iliyorekodi ilikuwa ikienda polepole. Nakala zilizosahihishwa zilianza kutoka miaka ya 1990, na anayetaka kupiga pamoja na bendi hiyo bila kukaza nyuzi anahitaji toleo la marudio. Wala dijitali si sumu. Mwaka 2022 ilijulikana kwamba matoleo mengi ya Mobile Fidelity, kampuni ya Marekani ya matoleo ya marudio, yalipitia hatua ya dijitali kabla ya kuchongwa, na kwa miaka watu waliyasifu kwa "utamu wa analogi".

Kununua, basi. Kama toleo jipya linaeleza wazi kwamba limetoka kwenye kanda na kutaja fundi aliyechonga, nalichukua kabla ya santuri ya zamani iliyochoka, bila kusita. Kama limetoka kwenye santuri na wewe unayo inchi 7 iliyo nzuri, baki nayo: huwezi kupata kutoka kwenye nakala kitu ambacho asili yake haikuwa nacho, na usafishaji mara nyingi umeondoa kidogo. Ukiinunua ya zamani, usiipime kwa kung'aa. Iinamishe chini ya taa moja kali: mfuo ulioliwa huonekana wa kijivu, hasa karibu na lebo. Kisha omba ipigwe sekunde 20 za mwisho wa upande, si za mwanzo. Muuzaji hupenda kuanza ukingoni.