Mgumu wa kununuliwa zawadi si lazima apewe cha ghali

Kila familia ina mtu wa namna hii: baba mkwe, au shangazi aliyestaafu, ukimuuliza anataka nini anajibu, "Mimi sina shida, mwanangu." Basi wengi hudhani dawa ni kuongeza bei, eti kitu cha ghali hakikosi kupendeza.

Si kweli. Mwaka 2009 watafiti Francis Flynn na Gabrielle Adams wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha utafiti uliogusa hata pete za uchumba. Watoaji waliamini kwamba bei ikipanda, shukrani nayo hupanda. Kwa wapokeaji, bei haikuwa na uhusiano na furaha yao. Mtoaji huwaza gharama kwa sababu ndiye aliyelipa; mpokeaji hakuiona risiti.

Tazama doti ya khanga. Bei yake haitishi mtu, lakini anayejua kuchagua haangalii pindo na rangi tu, husoma jina, yale maneno yaliyoandikwa. "Nani kama mama" humfaa mama aliyekulea. Jina la kumsuta jirani, hata kama khanga ni nzuri namna gani, litaleta ugomvi nyumbani.

Kwa hiyo, kabla hujaenda dukani, mchunguze mtu wako wiki nzima. Miwani yake imefungwa uzi? Redio imekufa betri? Analalamikia nini akidhani humsikilizi? Na huyo anayesema hana shida, mara nyingi anachokosa ni wageni. Nenda ukashinde naye Jumapili, mpike pamoja.