Shinikizo la mvuke wa metali: kwa nini zinki hupaa kabla chuma hakijayeyuka

Sufuria ya maji haingoji kuchemka ndipo itoe mvuke. Hata maji ya uvuguvugu hutoa, ila kidogo. Nguvu ambayo mvuke huo husukuma nayo ndiyo shinikizo la mvuke. Joto likipanda, nalo hupanda. Likilingana na shinikizo la hewa iliyo juu, maji yanachemka. Metali nazo ni hivyo hivyo, isipokuwa kila moja ina joto lake, na tanuri ni moja.

Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, na feleji, yaani chuma chenye kaboni kidogo, hupikwa kwenye nyuzi 1,600 hivi. Zinki huchemka kwenye 907 tu. Sasa tia humo mabati chakavu, yale yaliyopakwa zinki yasishike kutu. Bati halijaanza hata kuyeyuka, zinki imeshapaa. Ikikutana na oksijeni inageuka moshi mzito mweupe, oksidi ya zinki. Fundi anayechomelea bomba la mabati anaujua moshi huo: jioni anatetemeka kama mwenye malaria, na kesho yake au keshokutwa amepona. Wengi hunywa maziwa kujikinga. Maziwa yanaingia tumboni, moshi umeingia mapafuni.

Mkaidi hasa ni kalsiamu. Wapika feleji wanaihitaji ili chembe ngumu za alumina, yaani oksidi ya alumini, zigeuke majimaji, zisije zikaziba tundu la kumiminia. Lakini huchemka kwenye 1,484, joto ambalo feleji imeshalipita. Isitoshe ni nyepesi: ukiitupa juu inaelea, inawaka, inakwisha. Kwa hiyo hujazwa ndani ya waya wenye ganda la chuma, na mashine huusukuma waya huo kwa kasi hadi karibu na kitako cha ndoo, chombo kikubwa kinachobeba chuma kioevu. Kule chini chuma kioevu chenyewe kinaukalia mvuke: kina cha mita 1.5 tu kinaongeza shinikizo sawa na la anga zima lililo juu ya vichwa vyetu. Hapo kalsiamu hutulia kidogo ikafanya kazi yake, ingawa sehemu kubwa bado hupotea.

Kinyume chake ni kuvuta hewa juu ya ndoo ili kutoa gesi zilizomo ndani ya chuma. Shinikizo la juu likiondoka, hata manganizi, ambayo huchemka kwenye nyuzi zipatazo 2,060, huanza kutoroka, na mpishi hulazimika kuiongeza mwishoni.