Pigo lina bei: kabla hujachagua mpiganaji

Kila wiki kuna kijana ananitumia ujumbe kuhusu Tekken, gemu ya video ya kupigana ambapo kila mchezaji huchagua mpiganaji wake: "Kaka, Tekken nianze na nani?" Mara nyingi jibu anakuwa nalo tayari. Ameona klipu ya mtu kamning'iniza mwenzake hewani, kamshushia mapigo kumi bila kugusa chini, na anachotaka kwangu ni ruhusa tu.

Simlaumu, maana hata mimi nilianza hivyo. Kibanda cha gemu cha mtaani kwetu kilikuwa na Tekken 3, pedi mbili, moja kitufe chake cha mraba kimezama, na sheria moja: mshindi anabaki, aliyepigwa analipa. Nikamchukua Eddy Gordo, yule Mbrazili wa kapoera. Eksi, duara, eksi, duara, Eddy anazunguka kama pangaboi na mimi sijui hata kinachoendelea. Watoto wa mtaa mzima wakawa wateja wangu.

Halafu jioni moja akaingia fundi redio wa jirani, mtu mzima, akamchagua Paul, mpiganaji wa ngumi nzito. Hakuwa na papara. Teke la juu akalikinga amesimama, la chini akalikinga amechuchumaa, akamwacha Eddy amalize mzunguko wake. Eddy alipokuwa bado anajiweka sawa, Paul akatoa ngumi moja, ile nzito ya kuzungusha kidole kutoka chini kwenda mbele. Damu yangu, ule mstari wa uhai juu ya skrini, ikashuka vibaya. Akarudia. Nikalipa mimi siku hiyo, na siku zilizofuata.

Jina la alichokuwa anafanya nilikuja kulijua miaka mingi baadaye. Gemu hizi hukata sekunde moja vipande 60, kila kipande ni fremu. Kila pigo lina fremu za kujiandaa, fremu za kugusa na fremu za kurudi mahali pake. Hizo za mwisho ndizo bei. Pigo likimpata adui, bei hulipwa na yeye. Likikingwa, unalipa wewe. Katika Tekken ngumi fupi ya karibu kila mpiganaji hutoka kwa fremu 10, kwa hiyo pigo lako likikingwa likakuacha nyuma fremu 10, yaani mwenzako akawa huru fremu 10 kabla yako, ana ngumi ya bure kabisa, na hata ukiwa na vidole vya malaika huwezi kuizuia.

Chukua Shoryuken ya Ryu katika Street Fighter 6, gemu nyingine ya kupigana. Ni ngumi ya kupaa: mbele, chini, chini-mbele, kisha ngumi. Adui akikurukia, hakuna dawa nzuri kama hiyo. Lakini itupe kwa kubahatisha, akinge. Ryu anapaa peke yake, na anakuwa nyuma kwa zaidi ya fremu 20. Hiyo ni theluthi ya sekunde. Mwenzako ana muda wa kukuona unashuka, kuchagua kombo (mfululizo wa mapigo yanayoungana) yake kubwa kuliko zote na kukusubiri chini. Ndiyo maana nikimwona mgeni anapaa mara tatu kwenye raundi ya kwanza, naacha kushambulia. Nakinga tu.

Kuna mapigo ambayo bei yake iko kwenye vidole. Akina Mishima, ile familia ya wapiganaji wa Tekken, kama Kazuya, wana ngumi ya umeme: mbele, achia, chini, halafu chini-mbele pamoja na ngumi ya kulia, na hivyo viwili vya mwisho viingie ndani ya fremu ileile moja. Ukipatia, cheche za buluu zinaruka, na hata ikikingwa wewe ndiye unayebaki na nafasi, fremu 5 mbele. Ukikosea kwa fremu moja tu, inatoka ngumi inayofanana nayo isiyo na umeme, na hiyo ikikingwa uko fremu 10 nyuma. Anayemchagua Kazuya kwa sababu ya suti yake hajui amejisajili kwa kazi gani.

Street Fighter 6 imepunguza mzigo huu kwa wanaotumia vidhibiti vya kisasa ("Modern" kwenye menyu): Shoryuken unaipata kwa kitufe kimoja na mwelekeo. Nayo si bure, maana pigo linalotolewa kwa njia ya mkato huumiza kwa asilimia 80 tu.

Kwa hiyo mimi humuuliza kijana anapenda kukaa wapi, mbali na adui au karibu naye. Guile wa Street Fighter lazima ushikilie nyuma kwanza ndipo Sonic Boom, pigo lake la kurusha mbali, itoke, kwa hiyo unacheza mchezo mzima kama mlinzi wa geti. Ukiwa mtu wa kukimbilia watu, utamchukia ndani ya saa moja. Zangief ni kinyume: anakaba na kubamiza, na kukaba hakukingiki, ila kwanza uvuke uwanja mzima ukipigwa mawe. Kuna watu wanaipenda adha hiyo. Mimi simo.

Orodha za nani bora na nani dhaifu zina ukweli wake, lakini kwa anayeanza hazina kazi. Mchezaji wa Tekken Arslan Ash wa Pakistan alipotwaa Evo Japan na kisha Evo ya Las Vegas mwaka 2019, mashindano makubwa ya gemu za kupigana, alimtegemea sana Kazumi, mpiganaji ambaye silaha zake kubwa ni ngumi fupi na mateke ya kawaida, yasiyopendeza kwenye klipu.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, ingia uwanja wa mazoezi, mpange yule sanamu, mpinzani anayeendeshwa na gemu, akinge kila kitu na arudishe pigo mara tu baada ya kukinga. Toa pigo lako unalolipenda mara kumi. Ukipigwa mara kumi, hilo ni la kuadhibia makosa tu, usilianzishie ugomvi. Tafuta mengine matatu ambayo sanamu akirudisha unawahi kukinga. Mpiganaji ambaye matatu yake unayafurahia, huyo mchukue. Eddy, kwa taarifa yenu, amerudi kwenye Tekken 8, na bado kila nikimkuta mtandaoni namngoja amalize kuzunguka.