Maji yakishaingia ndani, pampu sio kitu cha kwanza

Masika hii simu za ofisini kwetu, afya mazingira, haziishi, na nyingi ni majirani wa Kigogo, Jangwani na bonde lote la Msimbazi hapa Dar wanashtakiana, huyu kamwagia mwenzie maji, yule katapisha choo, yaani kafungulia uchafu wa choo uondoke na maji, usiku mvua inanyesha. Jamani, maji yaliyojaa sebuleni kwako sio ya mvua tena, yameshapita vyoo vya watu kibao, sasa hii ya kuwaacha watoto wachezee humo eti "yametulia" sijui tumeitoa wapi.

Umeme ukishazimwa ndio uwaze pampu. Ya petroli inakaa nje kabisa, sio kibarazani, moshi wake unaua. Na kama maji ya nje bado yako juu kuliko ya ndani, subiri, ukinyonya yanarudi tu na ukuta ukisukumwa upande mmoja unapasuka. Gari la majitaka nalo usiite kwanza, karo la choo likiwa tupu kwenye ardhi iliyoshiba maji linaweza kuinuka au kubomoka.

Tope litoe likiwa bichi, osha kwa sabuni, halafu ndio Jiki: ile ya asilimia 3.5, kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji, paka sakafu na kuta, acha dakika 10, suuza. Ukiimwaga juu ya tope umepoteza hela, tope linaimaliza nguvu. Usichanganye na dawa ya choo. Godoro la sponji lililolowa tupa, bei naijua, tupa. Rangi isubiri, tofali linashika maji wiki nyingi, ukipaka mapema ukungu unatokea hapohapo.

Sasa kutapisha choo. Malalamiko yanaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa, yanakuja kwa mtendaji wa kata, afisa afya anakagua, anaandika notisi ya kuondoa kero, anasaini yeye na unasaini wewe, siku zikiisha hujatekeleza unapelekwa mahakamani, kukataa kusaini hakukuokoi. Na wanaouliza zile mita 60 kutoka mtoni tunazokataza kujenga zimetoka wapi, ni Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, hatukuzitunga sisi.

Picha za WhatsApp saa nane usiku sio malalamiko. Zitunze, ukishaandika barua zitakuwa ushahidi.