Kuijua Kazi Si Kujua Kuifundisha

Wengi mjini Moshi huamini kwamba mwongoza watalii aliyefika kilele cha Uhuru cha Mlima Kilimanjaro, mita 5,895, mara nyingi kuliko wenzake ndiye mkufunzi bora wa waongozaji wapya. Uzoefu humpa heshima ya saa ya kwanza tu. Baada ya hapo hupimwa kwa namna anavyoigawa kazi aliyoizoea katika hatua ndogo, anavyomwacha mwanafunzi atambue mwenyewe dalili za ugonjwa wa mwinuko, kama vile maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kuyumba, kisha akamsahihisha bila kumfedhehesha. Mkongwe husahau kwamba naye aliwahi kutojua. Hata hivyo, msemaji hodari asiyewahi kulala kambi ya Barafu, kule juu mlimani, huumbuliwa na swali moja la mpagazi.